Pima maji nayo inadanganya, igeuze kwanza

Mama yangu anakaa Muheza, na miaka yote bafu na choo vilikuwa nje uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Mvua ikinyesha ile njia inakuwa utelezi mtupu, na mama magoti yameshachoka, kwa hiyo mwaka jana nikasema basi, hela niliyokuwa nadunduliza ya kuezeka kwangu ikae pembeni kwanza, tujenge bafu la ndani. Nilikuwa napanda basi kila Ijumaa jioni narudi Jumapili, simenti nanunua mwenyewe, kokoto nasimamia mwenyewe, hata vifaa vya fundi vingine nilinunua mimi. Naandika hii kwa sababu ya sakafu ya lile bafu, kwa sababu ya pima maji, kile kifaa cha fundi chenye kichupa na kiputo cha hewa cha kuonyesha kama mahali pamelala sawa, na kwa sababu ya maneno niliyomwambia fundi ambayo mpaka leo yananiuma.

Bafu lilipoisha lilipendeza jamani. Taili za sakafu rangi ya udongo, ukutani nyeupe hadi kifuani, mlango wa mninga. Mama akajaza ndoo akasema ngoja nilizindue, akamwaga maji yote na sabuni kidogo. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaona lile povu la sabuni linaelea pale katikati kama linajishauri, halafu polepole likaanza kuja kwangu. Tundu la kutolea maji liko ukuta wa mbali kabisa, pembeni, na maji yakaligeuzia mgongo yakaja yote mlangoni mpaka kwenye vidole vyangu, yakaingia koridoni chini ya mkeka.

Nikamwita fundi. Akaangalia, akainama, akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Dada, mi slopu ya kwenda kwenye tundu nimeweka. Pima maji si hii hapa, na wewe mwenyewe nilikuonyesha ukaona." Kweli alinionyesha, nakumbuka alinionyesha. Ila nilikuwa na hasira, nikafikiria hela, nikafikiria mama akiteleza pale, nikamwambia maji hayadanganyi fundi, anayedanganya hapa ni wewe. Mbele ya mama, mbele ya kijana wake wa kusaidia. Akakusanya vifaa vyake akaondoka na hela yake ya mwisho sikumpa.

Kesho yake asubuhi akaja mzee jirani, mwashi wa zamani, kajenga nusu ya nyumba za mtaa ule kabla macho hayajaanza kumsumbua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, hata kiti hakutaka, akauliza swali moja tu: "Hiyo pima maji mliyotumia iko wapi?"

Ilikuwa ndani, maana ni yangu, niliinunua mimi. Ya fundi ilikuwa imepasuka kioo, nami nikanunua mpya ya sentimita 60, ya plastiki rangi ya machungwa, tena nikachagua ya bei nafuu, mwisho mmoja bado ina stika ya bei mpaka leo. Mzee akaishika, akaipangusa kwa kanzu, akaenda kuilaza kwenye baraza la nyuma, stika ikiangalia uani. Kiputo kikatulia katikati kabisa, baina ya ile mistari miwili. Mi nikashusha pumzi, nikasema si umeona mzee, iko sawa. Hakunijibu. Akachukua kipande cha mkaa jikoni akachora pale baraza mistari kufuata pande zote za pima maji ili ajue ilipolala, halafu akaiinua akaigeuza, mwisho wa kushoto ukaja kulia na wa kulia ukaenda kushoto, akailaza palepale ndani ya alama.

Kiputo kikakimbia. Kilienda upande wa nyumba mpaka mwisho wa kichupa, nusu yake hata haikuonekana.

Baraza halijasogea, nyumba haijasogea, chombo kile kile, mahali pale pale, majibu mawili. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia pale. Nilikaa chini.

Sasa tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana kuhusu hiki kidude, kwa sababu nilikuwa nakiona kila saiti na sikuwahi kujiuliza kinafanyaje kazi, na nadhani wengi tunaojenga kidogo kidogo tuko hivyo hivyo, tunamwona fundi anaweka, anakodoa jicho, anasema "iko levo," na sisi tunaitikia.

Kwanza jina. Tunaita pima maji lakini ndani hakuna maji. Ni spiriti, kileo, na Waingereza hata jina wameipa kwa hiyo spiriti. Sababu zipo za maana. Maji yanaganda baridi ikifika sifuri, na kwenye nchi za theluji kichupa kingepasuka, wakati kileo cha aina hiyo kinahitaji baridi ya digrii kama 114 chini ya sifuri ndo kigande. Halafu maji yananata kwenye kioo, kiputo kingekuwa kinasitasita kinakwamakwama, kwenye spiriti kinateleza fasta na kinatulia pale panapostahili. Ile rangi ya kijani-njano inayong'aa ni rangi ya kuongezwa tu ili macho yaone vizuri.

Ila siri yenyewe iko kwenye kichupa. Ukikiangalia haraka unaona kama mrija ulionyooka, kumbe ndani kimepinda kidogo sana, mgongo juu kama upinde. Spiriti ni nzito kuliko hewa, dunia inaivuta chini, inashuka inajaza kila sehemu ya chini na hewa inasukumwa iende pale palipo juu kuliko kote. Kiputo ni hewa tu inayotafuta kilele cha upinde. Ukilaza chombo sawasawa kilele ni katikati, ukiinua upande mmoja kilele kinahamia huko na kiputo kinakifuata. Ndo maana kiputo huwa kinaenda upande ulio juu, wapo watu nimewasikia wanasema kinaenda upande wa chini, hapana. Na mrija ungekuwa umenyooka kabisa isingefaa kitu, ungeinua unywele mmoja tu hewa yote inakimbilia mwisho, na ukiwa sawa kiputo kingekaa popote kinapotaka.

Na kadiri kichupa kinavyopinda kidogo zaidi ndivyo chombo kinavyokuwa na hisia kali. Chukua kichupa kilichopinda kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 1. Ukiinamisha chombo milimita 1 kwa kila mita 1, kiputo kinahama milimita 1, basi, utahitaji macho ya kijana. Kuna pima maji za watu wa karakana, wanaofunga mashine kubwa, upinde wake ni wa duara lenye nusu kipenyo cha mita 100, na hizo ukiinamisha milimita 0.02 tu kwa mita, yaani hata karatasi ni nene, kiputo kinahama milimita 2. Huwezi kujengea bafu na hiyo, kiputo kisingetulia hata siku moja. Za ujenzi zilizo nzuri huwa zinaandikwa usahihi wa milimita 0.5 kwa mita, na kwa nyumba inatosha kabisa.

Anayetajwa kuibuni ni Mfaransa mmoja, Melchisédech Thévenot, mwaka 1661. Kabla ya hapo watu walijenga, na walijenga vizuri tu. Wamisri wa kale walikuwa na fremu ya mbao yenye umbo la herufi A na timazi linaning'inia kutoka kileleni, kamba ikilala kwenye alama ya katikati ya ule mti wa chini basi pamelala sawa. Timazi ni kamba na kitu kizito, hata jiwe, na mi naliheshimu sana siku hizi kwa sababu halina kichupa cha kulegea, ukilinda upepo tu limesema ukweli. Mzee alisema wao walianza na timazi na mpira wa maji, yaani mpira mwembamba uliojazwa maji, pima maji ilikuwa ya wenye hela.

Sasa inapima nini hasa? Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea siku zote. Nilidhani inapima kama kitu kimenyooka. Haipimi hivyo. Sakafu inaweza kuwa na mabonde na pima maji ikasema levo kwa sababu imekalia vilima viwili. Inachopima ni kimoja tu, pale ilipolala inalinganisha na mvuto wa dunia, kama mstari wake umekata ule mvuto kwa pembe mraba. Kichupa cha katikati kinakuambia mlalo, cha mwishoni kinakuambia wima, yaani kazi ile ile ya timazi, na nyingine zina cha tatu cha digrii 45. Haijui nyumba yako imeelekea wapi wala haijui ukuta wa jirani, inajua chini ni wapi tu.

Na hiyo "chini" yenyewe inabadilika ukienda mbali, hii ilinifurahisha sana niliposoma. Kule Uingereza kuna daraja la Humber, lilifunguliwa 1981, lina minara miwili ya mita kama 155 na kati yao ni mita 1,410. Minara yote miwili imesimama wima barabara, lakini huko juu iko mbali zaidi kuliko chini kwa milimita 36, kwa sababu dunia ni mviringo na kila mnara unaelekea katikati ya dunia kwa njia yake. Kwa bafu la mita 1.8 usijali, tofauti haionekani kwa kifaa chochote cha saiti.

Turudi kwa mzee na baraza. Lile baraza lilikuwa limeinama kidogo kuelekea uani ili mvua isisimame, na pima maji yangu nayo ilikuwa na kosa lake, kichupa kimelegea ndani ya plastiki kimekaa upande. Mara ya kwanza makosa mawili yakafutana, kiputo kikaja katikati kikatudanganya. Ilipogeuzwa makosa yakajumlishwa. Mzee akaanza kusukumia vipande vya boksi chini ya mwisho wa uani, kimoja, kingine, kingine, mpaka kiputo kikarudi nusu ya njia. Nusu, siyo katikati, aliniambia hapo ndipo watu wanapokosea, ile tofauti ya majibu mawili nusu ni ya baraza na nusu ni ya chombo. Akaigeuza tena. Kiputo kikaegemea tena upande wenye stika, kwa kiasi kile kile. Hapo ndo akasema sasa mahali pamelala sawa, na chombo chako ni kibovu. Tukapima ile boksi kwa rula: sentimita 1, na kosa la chombo ni hiyo hiyo maana mwanzo yalifutana. Kwenye pima maji ya sentimita 60!

Nikachukua kalamu. Bafu kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu ni sentimita 180, hizo ni pima maji tatu zikifuatana, kwa hiyo kosa ni sentimita 3. Fundi alikuwa amekusudia mlango uwe juu ya tundu kwa sentimita 2, na siku ile alikuwa anailaza hivyo hivyo kila mara, stika ikiangalia mlangoni, hakuna kosa kwenye hilo, ndivyo mtu anavyofanya kazi. Toa tatu kwenye mbili. Mlango ukawa chini kwa sentimita 1.

Mzee akataka tuhakikishe kwa mpira wa maji. Tukakata mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tukajaza maji taratibu, akanifundisha kuugonga gonga kwa kucha ili mapovu yote yatoke maana povu moja likibaki katikati majibu yanaharibika. Mi nikashika upande wa mlangoni yeye upande wa tundu. Maji kwenye ncha mbili za mpira yanasimama usawa mmoja hata mpira upite wapi, uzunguke kona, uingie chumba kingine, jambo ambalo pima maji haiwezi, ndo maana kwenye msingi bado mafundi wanautumia. Tukapima kutoka usawa wa maji mpaka kwenye taili pande zote mbili. Sentimita 1 na nywele kidogo. Fundi alikuwa ameniambia ukweli tangu mwanzo.

Nilimpigia simu siku ile ile. Hakupokea. Nikamtumia hela yake yote, halafu nikaandika meseji ndefu, nikafuta, nikaandika fupi: samahani fundi, pima maji niliyokupa ilikuwa mbovu, kosa ni langu, niliyokuambia mbele ya mama sikupaswa kuyasema. Jioni akajibu "nimeona dada." Wiki moja baadaye akakubali kuja.

Dukani nilienda mwenyewe tena. Nikamwomba kijana wa duka anipe tatu juu ya kaunta, nikatafuta mahali nikaweka alama kwa peni, nikalaza moja, nikasoma, nikaigeuza. Ya kwanza kiputo kilihama. Ya pili kikabaki upande ule ule wa kaunta kwa kiasi kile kile, haikuwa katikati maana kaunta yake imeinama, lakini haijalishi, jibu ni moja. Ya tatu nayo ilikuwa nzuri ila fupi. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikachukua ya pili, ya aluminiamu, mita 1, na usiangalie kiputo chenyewe kwa ukubwa maana saa saba mchana juani spiriti inatanuka kiputo kinakuwa kifupi, asubuhi kinarefuka, wewe angalia nafasi kati ya ncha zake na mistari, kushoto na kulia ziwe sawa. Kwa kichupa cha wima mtindo ni ule ule, iegemeze ukutani, isome, izungushe mgongo uje mbele bila kugeuza juu chini, isome tena palepale.

Kuna watu wataniuliza kuhusu simu. Simu ina kihisi kinachosikia mvuto wa dunia na apu zipo nyingi, mi nimejaribu. Kwa kutundika picha inafaa. Kwa sakafu hapana, ni fupi mno na kamera ya nyuma imevimba inaifanya ikae kama kiti cha mguu mmoja mfupi. Lakini nayo unaweza kuigeuza ukajua.

Fundi alipokuja nilimkabidhi ile mpya. Hatukuongea sana. Akaipeleka kwenye baraza, kwenye alama za mkaa za mzee ambazo mama hakuzifuta, akailaza, akaangalia, akaigeuza, akaangalia. Halafu akakata kipande cha mbao cha unene wa sentimita 1 akakifunga kwa mpira wa baiskeli chini ya mwisho mmoja wa pima maji. Sikuelewa. Akaniambia hivi, huu mwisho wenye mbao unakaa upande wa tundu, kiputo kikiwa katikati kabisa basi sakafu inashuka sentimita 1 kila mita, sihitaji kukisia kiputo kimeegemea kiasi gani. Nikamwambia hiyo nzuri sana fundi, na nilimaanisha.

Alibomoa taili zote, tuliokoa kumi na moja tu, akatengeneza upya kitanda cha simenti cha kulazia taili, siku tatu. Hela ya kazi ya pili alitaka kukataa nikamlazimisha, mama naye akamwekea nazi na mihogo kwenye kiroba. Siku ya mwisho mama akajaza ndoo kama mwanzo, na mi nikasimama palepale mlangoni miguu mitupu. Akamwaga. Povu likakaa katikati kidogo, halafu likaanza kwenda kule mbali, polepole, likakunja kona ya pembeni, likazunguka mara mbili juu ya tundu likazama. Fundi alikuwa amechuchumaa anaangalia. Vidole vyangu vilikuwa vikavu.